Mwanamke Yule Anaitwa Nani?

Jumapili ya 11 ya Mwaka C
Masomo: 2 Sam. 12:7-10, 13, Gal. 2:16, 19-21, Lk. 7:36 – 8:3



Masomo ya Jumapili hii yanatuingiza katika nyumba mbili. Ya kwanza ni nyumba ya mfalme, na ya pili ni nyumba ya Mfarisayo. Katika kila moja ya nyumba hizo yupo mwanamke ambaye habari zake zinasemwa na wanaume, na katika kila moja mwanamke huyo hatajwi kwa jina lake. Jambo hilo ndilo ningependa tulitafakari pamoja asubuhi hii, ninyi mlioketi jikoni karibu na moto, ninyi mlio njiani kwenda kigangoni, na ninyi makatekista ambao leo, kwa kuwa padre hawezi kufika kila mahali, mtaongoza Ibada ya Neno la Mungu.

Katika somo la kwanza Nabii Natani amesimama mbele ya Mfalme Daudi. Mfalme amemchukua mke wa mtu, na ili kuficha aibu yake amemwulisha mume kwa upanga wa Waamoni. Natani hatetemeki. Anamkumbusha Daudi mema yote aliyotendewa na Mungu, kisha anamwonyesha dhambi yake waziwazi. Sisi tunamfahamu mwanamke yule. Sura inayotangulia yatuambia kwamba aliitwa Betsheba. Lakini katika maneno ya nabii tuliyoyasikia leo yeye ni mke wa Uria tu. Hata Mtakatifu Mathayo, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, alimtaja vivyo hivyo, kwa jina la mumewe aliyeuawa. Maandiko Matakatifu yanafanya hivyo kwa kusudi, ili kosa la mfalme lisisahauliwe. Hata hivyo yafaa tutambue kwamba katika mkasa ule wote, mwanamke aliitwa kwa kutumiwa mjumbe, akaletwa, akarudishwa, na hatusikii kwamba mfalme alimwuliza lolote.

Katika Injili tumo nyumbani kwa Simoni. Chakula kimeandaliwa, wageni wameketi, na mara anaingia mwanamke anayejulikana mjini kwa sifa mbaya. Anachukua chupa ya alabasta yenye marhamu, anasimama nyuma penye miguu ya Yesu, analia, anaifuta miguu kwa nywele zake. Simoni anasema moyoni kwamba mgeni wake, kama angekuwa nabii kweli, angefahamu ni mwanamke wa namna gani anayemgusa. Sikilizeni vizuri, ndugu zangu. Simoni hashughuliki kujua mwanamke yule ni nani. Anachojali ni kwamba ni wa namna gani. Amekwisha kumpiga chapa, na chapa ile imekaa mahali pa jina.

Hapo Yesu anafanya jambo la ajabu. Anamgeukia mwanamke, lakini anazungumza na Simoni, na anamwuliza kama anamwona mwanamke yule. Swali gani hilo! Simoni alikuwa akimkodolea macho tangu alipoingia. Naam, alimtazama, lakini hakumwona. Hakuyaona machozi, hakuuona upendo, hakuona kwamba yale ambayo yeye mwenye nyumba alisahau kumtendea mgeni wake, maji ya miguu, busu la salamu na mafuta ya kichwani, yote yalikuwa yametendwa na mtu ambaye hakualikwa.

Na tazameni jinsi Mtakatifu Luka anavyoendelea. Mara tu baada ya habari hiyo anatuambia kwamba Yesu alipita katika miji na vijiji akihubiri, pamoja na wale Thenashara na wanawake kadhaa, na wanawake hao anawataja: Maria aitwaye Magdalena, Yoana mke wa Kuza, na Susana. Anaongeza kwamba walikuwapo wengine wengi, na kwamba waliwahudumia kwa mali zao wenyewe. Kundi la kwanza la Bwana wetu lilikula kwa mifuko ya akina mama.

Hapa makatekista wanisikilize kwa makini, maana swali hili huulizwa mara nyingi katika mafundisho. Kwa karne nyingi Wakristo wa Magharibi walidhani kwamba yule mwanamke mkosefu wa nyumbani kwa Simoni ndiye Maria Magdalena. Wazo hilo lilipata nguvu kwa mahubiri ya Papa Gregori Mkuu ya mwaka 591. Lakini Luka hasemi hivyo. Yeye asema tu kwamba Maria Magdalena alitokwa na pepo saba, na yule mkosefu anamwacha bila jina. Katika kalenda ya Kanisa iliyotengenezwa upya mwaka 1969, Maria Magdalena haadhimishwi tena kama mkosefu aliyetubu; na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa Sikukuu, kama zilivyo sikukuu za Mitume, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kuwapasha Mitume habari za ufufuko. Tazameni basi jinsi ilivyo rahisi kumtwika mwanamke sifa isiyo yake, na jinsi inavyochukua miaka mingi kumrudishia jina lake.

Tutoke sasa Galilaya, tuje kwetu Afrika Mashariki.

Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake alikuwa na asili ya Uzigua. Ukoo wao ulikuwa umeonja utumwa, na mtoto yule akapewa jina la Mtumwa. Fikirini mtoto anayeitwa hivyo asubuhi na jioni na kuitika. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini hakuna sheria inayoweza kufuta jina midomoni mwa watu. Binti huyo alikulia katika kazi ya ufinyanzi, akabeba vyungu kichwani na kuvitembeza kwa wanunuzi, na husimuliwa kwamba alikuwa akiimba njiani ili watu wajue kuwa vyungu vimefika.

Mnamo mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza uimbaji wa taarabu, na huko akapata jina jipya: Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay, nchini India, akaimba na sauti yake ikatiwa katika santuri. Alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kufanyiwa hivyo. Santuri zile zilifika hadi bara na kuuzwa madukani. Watu ambao hawakupata kuona bahari waliijua sauti ya binti wa mfinyanzi wa Fumba.

Je, heshima ilimjia bila maneno ya watu? La hasha. Walikuwako waliomsimanga kwa nyimbo, kwamba ametoka shamba, kwamba nguo yake ilikuwa kaniki, kwamba hana uzuri wa sura. Naye alijibu kwa wimbo, akiwaambia kuwa mtu hapimwi kwa sura wala kwa ukoo, hupimwa kwa akili na mwenendo wake. Tena hakuimba mapenzi na harusi tu. Mwanamke mmoja mgeni alipouawa Unguja, na mwuaji akakimbilia bara, na mahakama ikawageukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi na kuwatia hatiani wao, Siti aliimba habari ile ili watu wasiisahau. Alifariki mwaka 1950. Mwandishi wetu mkubwa, Shaaban Robert, aliandika wasifu wake, na chama cha waandishi wa habari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Siti binti Saad alikuwa Mwislamu, nami simleti kwenu kama mtakatifu wa altare. Namleta kwa sababu maisha yake yanatuonyesha kile ambacho Simoni hakukiona. Mtu aliyeitwa Mtumwa alikuwa na utu kamili siku ile ile alipoitwa Mtumwa. Heshima aliyopewa baadaye haikumletea utu mpya. Watu ndio waliochelewa kuuona.

Wahenga wamesema, mfinyanzi hulia gaeni. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaijua methali hii kwa macho. Nendeni Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, mkawaone akina mama wa Kikisi. Wanafinyanga vyungu kwa mikono yao, wanavichoma, wanavipakia katika mitumbwi hadi soko la Matema, na kutoka huko vinapanda milima hadi Tukuyu na Mbeya. Ni nani kati yetu hajala ugali au maharage yaliyopikwa katika chungu cha Mkisi? Na ni nani kati yetu anayemjua kwa jina japo mmoja wa akina mama waliokifinyanga? Mtume Paulo anawaambia Wakorintho kwamba sisi tunaibeba hazina ya Mungu katika vyombo vya udongo. Kama chombo kina thamani hiyo, basi mikono iliyokifinyanga isidharauliwe.

Yuko mwingine aliyezifuata nyayo za Siti na kuimba nyimbo zake. Jina lake ni Fatuma binti Baraka, lakini ni wachache walimwita hivyo. Alizaliwa mdogo mno wa mwili, hata ndugu mmoja akamwita kidude, na jina hilo la utani likamshika maisha yake yote. Bi Kidude alipiga ngoma na kuimba hadi uzeeni sana, akasafiri Ulaya na Asia, na mwaka 2005 akapewa tuzo ya kimataifa ya wanamuziki iitwayo WOMEX. Alipofariki tarehe 17 Aprili 2013, viongozi wa nchi walikwenda kumzika. Kitoto kilichoonekana kama kitu kidogo tu kilizikwa kama mtu mkubwa wa taifa.

Na sasa tumkumbuke Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji hodari katika vikundi vya ngoma vya akina mama. Mwaka 1955, TANU ilipotaka kuwapata wanawake, ni yeye aliyepita mlango kwa mlango na kikundi kwa kikundi, akawaandikisha kwa maelfu. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, hapakuwa na mwanamke aliyejulikana kumzidi. Akawa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wanawake, akawa mbunge, akawa waziri mdogo. Lakini mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini pamoja na wengine, na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe, akatoka gerezani. Mimi si hakimu wa kesi ile, wala sikusudii kuifungua hapa. Ninachotaka mkione ni miaka iliyofuata. Yule ambaye umati ulimshangilia viwanjani alikaa nyumbani kimya, na jina lake likawa halitajwi katika sherehe za uhuru alioupigania. Ilikuwa mpaka mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya uhuru, ndipo alipoanza kukumbukwa tena hadharani. Alifariki tarehe 5 Novemba 2000. Leo barabara kubwa katikati ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake, na kila siku watu hulitaja wakielekezana njia, wengi wao bila kujua lilikuwa la nani.

Mnaona basi, ndugu wapendwa, sifa ya dunia ilivyo. Dunia hukupa jina ikikuhitaji, hukunyang'anya ikikuchoka, nawe ukishakufa hulibandika ukutani. Wazazi tusiwafundishe binti zetu kwamba jambo kuu maishani ni kujulikana. Siku hizi kijana akiwa na simu mkononi anaweza kutafuta sifa ya watu elfu kwa jioni moja, na akaikosa kesho yake asubuhi. Mtume Paulo, katika somo la pili, anatupeleka kwenye msingi mwingine kabisa. Anawaambia Wagalatia kwamba maisha anayoishi sasa anayaishi katika imani, akimtegemea Mwana wa Mungu, ambaye alimpenda yeye na kujitoa kwa ajili yake. Paulo hasemi hapo kwamba Kristo aliupenda umati. Asema alinipenda mimi. Huko ndiko jina la mtu linakohifadhiwa, nako hakuna anayeweza kulifuta.

Jambo hili lionekane katika wanawake wawili ambao Kanisa limewainua altareni.

Wa kwanza ni Mtakatifu Yosefina Bakhita wa Sudan. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 huko Darfur. Akiwa bado mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, na hofu aliyoipata ilikuwa kubwa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Hebu fikirini, mtoto kusahau jina lake! Bakhita, lenye maana ya mwenye bahati, ni jina alilopewa na waliomteka. Aliuzwa sokoni mara kadhaa, akapigwa, akachanjwa mwili. Mwishowe alipelekwa Italia, na huko akawekwa kuwa mtumishi wa nyumbani, mlezi wa mtoto wa familia moja. Alipokuwa akikaa na masista mjini Venezia akamjua Kristo. Mwaka 1889 mahakama ilitamka kwamba yeye ni mtu huru, na tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa. Akawa sista, akafanya kazi za jikoni, kushona na kungoja mlangoni, hadi alipofariki tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Wapendwa, huyu alikuwa mfanyakazi wa ndani. Kama ungefika katika nyumba ile ya Italia kama mgeni, ni yeye ambaye angekuletea maji, nawe pengine usingemwuliza jina.

Wa pili ni Mwenye Heri Anuarite wa Kongo. Alizaliwa Wamba mwaka 1939, na kwao aliitwa Nengapeta. Alipopelekwa shule, aliyeandika majina alikosea akamwandikia jina la dada yake, Anuarite, nalo likabaki. Akawa mtawa wa Shirika la Jamaa Takatifu. Wakati wa vita vya Simba, masista walichukuliwa hadi Isiro, na huko, usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba 1964, alikataa kumkabidhi afisa mmoja usafi wake aliokuwa amemwahidi Mungu. Akauawa akiwa na umri wa miaka 24, naye alimsamehe aliyemwua. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Daftari la shule lilikosea, lakini Mungu hakukosea alipomwita.

Sasa turudi milimani kwetu, maana Neno la Mungu haliji ili litupitishe katika nchi za watu na kutuacha hapo.

Mikoa yetu imejaliwa wanawake waliotajwa katika taifa. Mwaka 2010 Mama Anna Makinda, aliyezaliwa Njombe mwaka 1949, alikuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa Spika wa Bunge letu. Mwaka 2022 Dkt. Tulia Ackson, mzaliwa wa Rungwe mkoani Mbeya, alichaguliwa katika kiti hicho hicho. Sizungumzi siasa. Nasema tu kwamba kila mmoja wao, siku moja, aliandikwa jina lake katika daftari la darasa la kwanza, na alikuwako mtu mzima aliyeamua kwamba binti huyu aandikwe.

Lakini mikoa hii hii ya Iringa, Njombe na Mbeya inajulikana mijini kwa jambo jingine. Mtu wa Dar es Salaam akitaka mtumishi wa nyumbani, husema, nitafutieni binti kutoka Iringa, maana ni wachapa kazi. Tumelipokea neno hilo kama sifa. Tujiulize kama kweli ni sifa. Mabasi yanayoshuka Kitonga yamewabeba wangapi, wakiwa na begi moja na namba ya simu ya mtu wasiyemjua?

Katekista mmoja alinisimulia habari ya kigango chake, kilichoko juu sana, mahali ambapo mwezi wa Juni sakitu huunguza viazi shambani. Binti mmoja alimaliza darasa la saba, akachukuliwa na mama mmoja wa mjini aliyeahidi kumfundisha ushonaji. Cherehani hakuiona. Kwa miaka miwili alipika, akafua, akalea watoto wa watu, na katika nyumba ile wote walimwita dada, baba wa nyumba, watoto, hata wageni. Dada ni neno zuri, lakini pale lilikuwa halina ndugu ndani yake. Akarudi kijijini bila mshahara, akiwa na mtoto mgongoni.

Kigangoni alikaa benchi la nyuma. Akaomba mambo mawili, mtoto wake abatizwe, na yeye mwenyewe arudi katika kwaya alikokuwa akiimba tangu utoto. Halmashauri ya kigango ikaketi. Walizungumza kwa muda mrefu. Mmoja akasema, yule aliyerudi na mtoto. Mwingine akasema, yule wa mjini. Mwingine, yule mharibifu atawaharibu wenzake. Hatimaye katekista akawauliza, jina lake la ubatizo ni nani? Pakawa kimya. Hakuna aliyelikumbuka, na kati yao alikuwamo mama mmoja aliyemsimamia binti yule siku ya ubatizo wake.

Katekista hakugombana na mtu. Kesho yake alikwenda kwa miguu hadi parokiani, akaomba kitabu cha ubatizo, akanakili ukurasa. Walipoketi tena aliwasomea: tarehe, jina, jina la baba, jina la mama, jina la msimamizi. Akanyamaza. Mama yule msimamizi akainuka, akatoka nje, mahali ambapo binti alikuwa akingoja na mtoto wake chini ya mti, akamwita kwa jina aingie. Baada ya hapo kikao hakikuchukua muda. Binti aliandaliwa, akaungama, akarudi katika kwaya, na mtoto alibatizwa Pasaka iliyofuata. Jina lenyewe sitalitaja hapa redioni, kwa sababu ni la kwake.

Mtaniuliza, je, padre anahalalisha dhambi? Hapana. Bwana wetu hakusema kwamba mwanamke wa nyumbani kwa Simoni hakuwa na dhambi. Alisema dhambi zake zilikuwa nyingi, na kwamba zimesamehewa. Natani naye hakumwambia Daudi kwamba ni jambo dogo. Mfalme alikiri, na Mungu akamwondolea dhambi yake. Kanisa halina mizani mbili, moja ya mfalme na nyingine ya binti maskini. Nanyi mkumbuke kwamba, katika habari za mabinti wetu wengi, yuko na Daudi wake, ambaye jina lake halikutajwa katika kikao chochote cha kigango.

Kwa hiyo nawaachia mambo matatu ya kutenda.

Kwanza, wazazi. Kabla hujamtoa binti yako aende mjini, ujue anakwenda kwa nani, nyumba iko wapi, atalipwa nini, na nani atakayemtembelea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Afadhali zaidi, asome. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu hata msichana aliyekatiza masomo kwa sababu ya kujifungua arudi shuleni. Mlango ukiwa wazi, mzazi asiwe yeye wa kuufunga.

Pili, ninyi mnaowaajiri hao mabinti, Mbeya mjini, Iringa mjini na kwingineko. Mwite binti kwa jina lake. Umlipe kwa wakati. Siku ya Jumapili umpe nafasi ya kwenda kusali, na akirudi umwulize Injili ilisema nini. Tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, Kanisa lote huwaombea waliouzwa na kusafirishwa kinyume cha haki. Ni aibu kusali sala hiyo kanisani wakati jikoni mwako yupo Bakhita mwingine.

Tatu, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na akina mama wa WAWATA. Wiki hii kila jumuiya iandike majina ya mabinti wake walio mbali: jina la ubatizo, mahali alipo, na mara ya mwisho aliposikika. Mtakuta majina ambayo hakuna awezaye kujaza mstari wake. Anzeni na hayo. Pelekeni majina hayo parokiani, ili parokia iwasiliane na parokia ya huko waliko. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kalamu na mtu anayejali.

Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani. Wako wanawake wengi sana ambao hawataimbwa na mtu wala kuandikwa katika gazeti, nao wanaubeba mzigo wa nyumba zetu na makanisa yetu, kama Susana wa Injili, ambaye Luka alimtaja mara moja tu, wala hatujui lolote jingine juu yake. Alikuwapo, alihudumia, na jina lake limo katika Neno la Mungu hata milele.

Tuombe. Ee Bwana Yesu Kristo, uliyemwona mwanamke ambaye wengine walimtazama tu, utujalie macho yako. Uwalinde binti zetu walio mbali, uwarudishe salama walio katika shida, uwasamehe wakosefu, nasi tukiwa wa kwanza. Utufundishe kuwaita kwa majina yao, kama wewe ulivyomwita Maria asubuhi ya ufufuko wako. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mungu awabariki wote: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina. Jumapili njema.